Usirudi Krismasi

Saa kumi na mbili jioni, Jumapili ya mwisho ya Novemba, picha ya Manase kwenye simu ya mkewe iligeuka nyeusi. Simu haikuwa imekatika. Sauti za nyumba ile ya Australia ziliendelea kusikika: mlango wa nyavu ukijibamiza, mtu akiburuta kiti, maji yakimwagwa. Manase alikuwa ameilaza simu kifudifudi mezani.

"Baba Lute?" Kalolaine aliita. "Upo?"

Kiti kiliburutwa tena.

"Manase!"

Picha ikarudi. Uso wa Manase ulikuwa umejifunga, kama wa mtu anayesubiri kuitwa na hakimu.

"Nipo. Haya, nguruwe wanaendeleaje?"

"Nguruwe?"

"Yule jike mwenye mimba."

"Mimi nakwambia nimekukumbuka, kitanda kimekuwa kipana kama uwanja wa raga, wewe unaniuliza habari za nguruwe?"

Manase aligeuka akatazama nyuma yake haraka. "Kalo, punguza sauti."

"Nipunguze kwa ajili ya nani? Mimi niko kwangu."

"Mimi siko kwangu. Nitakupigia Jumapili ijayo. Haya, kwaheri."

Akakata.

Kalolaine alibaki ameishika simu barazani kwake, kijijini Kolonga, huku barabara ikiwa tupu kama ilivyo kila Jumapili Tonga nzima. Alikuwa ameona kitu kabla picha haijawa nyeusi: mwanamke akipita nyuma ya mumewe na beseni la nguo. Mwanamke mrefu, mwenye nywele zilizofungwa juu, anayetembea kama mtu aliye nyumbani kwake.

Manase alikuwa na miezi sita katika mashamba ya matunda ya jimbo la Victoria. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na kiti chake cha ndege kilikuwa cha tarehe ishirini Desemba. Mpaka katikati ya Novemba alikuwa bado anamwita mkewe "heilala wangu," kwa jina la ua ambalo wasichana wa Tonga huvaa shingoni, na akishaanza kulitaja hakujua kunyamaza. Kisha, bila sababu ambayo Kalolaine angeweza kuitaja, jina lilikoma. Zikabaki habari za nguruwe, bati na ada ya shule.

Jumatano, Siosiana wa nyumba ya jirani alikuja kumsaidia kuchana majani ya mkadi. Kalolaine alikuwa anasuka mkeka mwembamba wa kiunoni, ambao Manase angeuvaa kanisani siku ya Krismasi. Shule zilikuwa zimefungwa. Kalolaine alifundisha hesabu darasa la sita, na likizo ilikuwa imemwachia mchana mrefu usio na sauti ya mtu mzima.

"Shoga, usinikasirikie," Siosiana alisema akifuta vidole. "Tazama kwanza, hasira baadaye."

"Nitazame nini?"

"Shamba la kina Manase wameweka picha mtandaoni. Sherehe ya kufunga mavuno ya kwanza."

Wachumaji walikuwa wamepangwa kwa mistari mbele ya makasha ya cheri. Yule mwanamke alikuwa katikati, mstari wa mbele. Manase alikuwa pembeni kabisa nyuma, nusu ya bega lake imekatwa, uso ameugeuzia upande mwingine.

"Mbona yuko mbali hivyo?" Kalolaine aliuliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe mwalimu. Watu ishirini wanaitazama kamera, mume wako anatazama miti. Soma chini hapo. Ameandika mtu wa Vanuatu, wanakaa naye nyumba moja."

Kalolaine akasoma: "Bibie akiingia mlango wa mbele, Manase anatokea dirishani! Mpaka lini, kaka?" Mbele yake nyuso saba za kucheka.

"Mimi nikikutana na mwanaume nisiye na neno naye," Siosiana alisema, "namsalimia, napita. Simkimbii dirishani."

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Simjui. Si wa Kolonga. Kwa sura ni Mtonga, lakini wa visiwa vya mbali huko."

Kalolaine aliikuza ile picha kwa vidole mpaka uso wa yule mwanamke ukajaza kioo. Alikuwa mtu wa kuthibitisha mambo. Alikuwa na simu iliyolazwa kifudifudi, picha, na maneno ya shahidi asiyemjua wala kumchukia. Kila kimoja kilikuwa kweli. Akavijumlisha, akapata jibu.

"Chana hayo majani, Siosiana. Yatakauka."

Jumapili iliyofuata simu ililia saa ile ile. Nyuma ya Manase palikuwa na viti vya gari.

"Mnakwenda wapi?"

"Hatuendi popote. Nimekaa tu garini. Viti vya nyuma kuna vijana wawili wa hapo Kolonga, wamejipumzisha."

"Una nyumba yenye vitanda, unakaa garini?"

"Nyumbani kuna watu."

"Kuna yule mwanamke."

Manase alikitazama kioo cha nyuma. Nyuma yake mmoja wa vijana alijigeuza.

"Nakuuliza, Baba Lute. Yule ni nani?"

"Kalo, usiniulize sasa hivi."

"Nikuulize lini? Kuna jambo au hakuna?"

Aliinamisha kichwa. "Kuna jambo, ndiyo. Limetokea. Naona aibu, sikufichi. Lakini si la kusema kwenye simu. Nikifika tarehe ishirini nitakueleza, mimi na wewe tu."

"Umefanya jambo la aibu."

"Sikukusudia. Sikujua kama—"

"Hukujua kama nini? Kama una mke?"

"Kalo, watu wanasikia!"

"Wasikie! Si walikwambieni mnaweza kubaki mpaka mwisho wa Januari?"

"Walisema. Nilikataa."

"Kubali. Usirudi Krismasi."

"Kalo..."

"Usirudi. Baki na cheri zako."

Alikata yeye safari hii. Baada ya dakika chache ujumbe uliingia: "Unasema kweli? Kesho asubuhi wanataka jibu. Nikibaki kiti changu anapewa mwingine."

Kalolaine aliandika: "Kweli." Akabonyeza, kisha akaifunga namba ya mumewe isiweze kumpigia wala kumwandikia.

Kijiji kilianza kujaa. Kila siku gari lilipita likitokea uwanja wa ndege, limelemewa na mabegi na mapipa ya plastiki, watoto wakilikimbilia wakipiga kelele za majina. Watu walipeleka mchanga mweupe makaburini na kupaka rangi malango. Jioni kwaya ilifanya mazoezi, na sauti za wanaume wa besi zilifika mpaka jikoni kwa Kalolaine, ambako alipikia wawili na chakula kikabaki. Mkeka wa kiunoni aliukunja ukiwa nusu, akauweka juu ya kabati. Alikuwa analala upande wake wa kitanda. Ule mwingine aliupanga nguo zilizofuliwa, pasiwe wazi.

Lute, binti yake wa miaka saba, aliuliza wakiwa wanafagia uwanja.

"Mama, baba anakuja Jumamosi?"

"Haji."

"Amesema nani?"

"Nimesema mimi."

Mtoto aliendelea kufagia. Baadaye alikwenda kukaa langoni, na gari lolote lililopunguza mwendo alisimama.

Jumatatu, siku tatu kabla ya Krismasi, teksi ilisimama. Lute alikuwa amekwenda kisimani na watoto wa Siosiana. Mwanamke mrefu alishuka na boksi lililofungwa kamba, nywele zimefungwa juu. Kalolaine, aliyekuwa anaanika nguo, alimtambua kabla hajalifikia lango. Uso ule alikuwa ameutazama usiku mwingi.

"Hodi wenyewe!"

Kalolaine hakusema karibu.

"Hapa ni kwa Manase?"

"Hapa ni kwangu."

"Sawa, kwako na kwa Manase." Mwanamke alicheka, akaingia barazani na kulitua boksi. "Uuh! Safari imenivunja, ndege imechelewa siku mbili. Hapana maji hapa?"

"Una uso mkavu wewe! Umevuka bahari yote hiyo kuja kuomba maji kwa mke wa mtu?"

"Umesemaje?"

"Umenisikia. Umekuja kupima nyumba? Ingia upime. Kitanda kiko chumba cha upande wa kulia. Godoro limebonyea katikati, lakini wewe hujali vitu vilivyotumika."

Ng'ambo ya ua, Siosiana aliacha kufua.

Yule mwanamke alimtazama Kalolaine kwa muda, kama anayesoma bango lililoandikwa vibaya. Hakupandisha sauti. Alivua viatu, akaingia ndani, akapita viti, akaenda kukaa juu ya mkeka, upande wa mbele kabisa, mahali anapokaa mchungaji akija.

"Niitie mtoto," alisema.

"Mtoto gani?"

"Lute. Nasikia hapendi kuchanwa nywele."

"Usimtaje mwanangu! Simama utoke!"

"Sitoki. Nyumba hii naweza kuingia bila hodi, nikachagua mkeka wa kuondoka nao, na wewe ukanifungia kwa kamba. Kaa chini, mama. Nimeambiwa wewe ni mwalimu wa hesabu. Mimi nitauliza, wewe jibu. Baba yake Manase nani?"

"Viliami. Marehemu. Yanakuhusu nini?"

"Na baba yake Viliami?"

"Mzee Kelepi. Fundi seremala."

"Aliwahi kwenda kisiwa cha Niuatoputapu?"

"Kila mtu anajua. Alikwenda kujenga kanisa."

"Akakaa muda gani?"

"Miaka miwili, sijui."

"Mitatu. Na hakujenga kanisa tu. Baba yangu alizaliwa mwaka wa pili."

Kalolaine alikuwa bado amesimama, kibanio cha nguo mkononi.

"Jina langu Ungatea," mwanamke aliendelea. "Sisi wenyewe hatukujua. Wamenipanga nyumba ile na watu wanane kutoka kila kisiwa. Jumapili moja ya Novemba baada ya sala tukaanza kuulizana, wewe wa wapi, babu yako nani. Manase akataja Kelepi seremala. Nikataja Kelepi seremala. Akasimama pale pale, akachukua sahani yake akatoka. Tangu siku hiyo sijabadilishana naye maneno yanayojaza kiganja."

Mtoto wa baba mdogo ni dada, na dada ni dada. Tonga haina nusu yake. Kaka na dada wakishabalehe hawalali chini ya paa moja, hawataniani, na neno la mapenzi halitamkwi mmoja anapoweza kulisikia. Kalolaine aliyajua haya tangu alipoota meno. Kaka yake mwenyewe, Havea, akija hukohoa kuanzia barabarani, na Kalolaine huzima televisheni kabla hajafika mlangoni, asije akawakuta watu wanakumbatiana. Alikuwa ameishi ndani ya heshima hii miaka yote. Alipoiona kwenye picha aliiita uzinzi.

Na huyu alikuwa shangazi wa Lute. Kwa Watonga, hakuna mtu mkubwa kuliko dada wa baba katika nyumba ile.

Kalolaine alikaa chini, mbali, karibu na mlango, akainamisha kichwa mpaka paji likakaribia magoti.

"Wifi, nimekutukana."

"Umenitukana vizuri sana. Ile ya godoro sitaisahau."

"Nisamehe."

"Inua kichwa, shingo itakuuma. Kwani Manase hakukwambia?"

"Alisema amefanya jambo la aibu."

"Ah! Hilo." Ungatea alitazama mlangoni kuhakikisha Lute hajarudi, kisha akauelekeza uso wake kwenye mkeka. "Siku ile ile tuliyojuana, jioni, alikupigia. Alidhani nimekwenda kanisani. Ukuta wa nyumba ile ni ubao mwembamba, na mimi nilikuwa upande wa pili nakunja nguo. Akaanza kukuita. Jina la ua, na mengine."

"Mungu wangu."

"Nilichukua taulo nikakimbilia kuoga. Nilikuwa nimeshaoga. Aliusikia mlango, akajua. Kuanzia siku hiyo analala kwenye gari la wachumaji. Alimwomba msimamizi amhamishe, akaambiwa asubiri."

"Kwa nini hakuniandikia? Maneno mawili tu!"

"Aandike nini? 'Mke wangu, dada yangu amesikia ninavyokubembeleza'? Mimi ni mwanamke mwenzako na nakueleza huku natazama mkeka."

Kalolaine aliukunja ule mkono wenye kibanio, akaukunjua. "Nilimwambia asirudi."

"Ulimwambia wewe?" Ungatea aliinua uso. "Kumbe! Mimi alimtuma kijana aniambie: kiti cha ndege achukue dada, nyumba yangu ni yake, meli ya Niuatoputapu haipo mpaka mwaka mpya. Mimi nilikuwa na mkataba mpaka Januari, akaichukua nafasi yangu. Nikasema, jamani, kaka wa kujuana juzi ananipa Krismasi yake. Nililia mbele ya wazungu." Akapiga kofi gotini. "Kwa hiyo nimekalia kiti ulichomnyima mume wako."

"Ndiyo, wifi."

"Basi nipe maji. Nimeomba zamani."

Kalolaine alimpa maji kwa mikono miwili. Kisha akatoka nje, nyuma ya tangi la maji, akaifungua namba ya Manase. Hakukuwa na ujumbe wowote uliosubiri, uliofungiwa hauhifadhiwi. Aliandika:

"Dada yako amefika. Amenieleza. Nilikosea, na nilikosea vibaya. Nisamehe."

Jibu lilichukua muda, kwa kuwa kule ilikuwa saa ya kazi.

"Amekula?"

"Namwandalia."

"Mpe chumba chetu."

"Nitampa. Na wewe?"

"Nimeshatia sahihi. Mwisho wa Januari."

"Nitakwenda mjini kuuliza ndege."

Alikwenda kesho yake asubuhi. Msichana wa ofisi ya tiketi hakuhitaji hata kutazama kompyuta. "Mama, kutoka Australia? Mpaka baada ya mwaka mpya hata mlango wa choo umejaa." Hata kiti kingepatikana, mkataba ulikuwa mkataba. Kalolaine alinunua unga na sukari, akarudi na basi la mchana. Njiani mwanamke aliyekaa pembeni yake alimweleza kwa furaha habari za mumewe aliyefika Jumamosi, anavyokoroma, anavyoacha taulo kitandani. Kalolaine aliitikia kila neno.

Siosiana alikuwa anamsubiri langoni.

"Shoga, mimi nilisoma kilichoandikwa tu."

"Na mimi nilisoma hicho hicho. Njoo kesho tuchambue majani ya taro."

Siku ya Krismasi walikwenda kanisani, watatu kwa mstari, Ungatea mbele. Katika benchi la wanaume palikuwa na nafasi baina ya watu wawili, na Kalolaine hakuitazama. Bendi ya matarumbeta ya vijana ilipiga kwa nguvu kuliko usahihi. Waliporudi walitandaza chakula mkekani: nguruwe mchanga, viazi vikuu, nyama ya kondoo iliyofungwa katika majani ya taro na tui, na jagi la juisi ya tikiti. Ungatea aliomba, akaomba kwa kirefu, akamtaja Manase kwa jina.

Simu ililia Lute akiwa na mdomo uliojaa. Kalolaine aliiegemeza kwenye jagi.

"Baba! Unakula nini?"

"Wali na samaki wa kopo."

"Krismasi?"

"Krismasi ya huku. Wamebaki watu wawili tu, na mwenzangu amelala. Umevaa gauni jipya?"

"Shangazi ndiye ameleta. Na amenichana nywele, sikulia."

"Ulilia kidogo," Ungatea alisema, akinyoosha mkono. "Nisogezeeni hiyo chumvi."

Ile sauti ilipofika upande wa pili, uso wa Manase ulijifunga. Macho yalishuka, mabega yakanyooka. Kalolaine alikuwa ameuona uso huo jioni ile ya Novemba, na wakati huu alijua anatazama nini.

"Matikiti mwaka huu yameiva vizuri?" Manase aliuliza.

"Yameiva," Kalolaine akajibu.

"Na yule nguruwe jike?"

"Amezaa tisa."

"Vizuri. Vizuri sana."

Siosiana na wanawe walisikika wakicheka ng'ambo ya ua. Ungatea alitazama sahani yake, akatazama jagi, kisha akanyanyuka na sahani mkononi.

"Lute, beba kikombe chako. Tukale nje."

"Shangazi, nje kuna jua!"

"Ndiyo maana nakwambia chukua na kofia."

"Wifi, kaa," Kalolaine alisema akiinuka. "Wewe ndiye wa kukaa hapa. Nitatoka mimi na simu."

"Kaa chini, mke wa kaka yangu. Chakula kitakupoa."

Alitoka, mtoto nyuma yake, wakaketi kwenye ngazi za baraza juani. Mlango ukavutwa.

"Nani ametoka?" Manase aliuliza.

"Dada yako. Na Lute."

"Mlango?"

"Ameufunga."

Manase aliisogeza simu karibu na mdomo, akaanza na lile jina la ua.